Nionyesheni maabara: tathmini yangu ya shahada ya uhandisi wa petroli

Nilihitimu shahada ya kwanza ya uhandisi wa petroli bila kuwahi kushika kipande cha mwamba kilichotoka kisimani. Alama zangu zilikuwa nzuri. Milinganyo niliijua kwa moyo, na hata leo ukiniamsha usiku wa manane nitakuandikia ule wa Darcy, wa jinsi kimiminika kinavyopita mwambani, bila kuuliza kitabu. Lakini wiki ya pili kazini, nikiwa kwenye rigi, msimamizi wa matope ya kuchorongea alinipa faneli ya Marsh, ya kupimia wepesi wa matope kutiririka, kikombe na saa, akaniambia nianze kwa kupima maji safi ili tujue kama faneli ni nzima. Maji yalitoka kwa sekunde 28. Yalipaswa kutoka kwa 26. Nikamwambia faneli imeharibika.

Akaichukua, akaitazama, kisha akanionyesha alama mbili ndani ya kikombe. Moja ilikuwa ya lita nzima. Nyingine ilikuwa ya mililita 946, yaani kwati moja, na hiyo ndiyo inayotumika kwa zile sekunde 26. Mimi nilikuwa nimesubiri mpaka lita. Faneli haikuwa na tatizo lolote.

Hakunicheka. Aliuliza tu, "Chuoni hamkuwa nayo hii?" Tulikuwa nayo. Ilikaa kwenye kabati la kioo, na kabati hilo sikuwahi kuliona likifunguliwa kwa miaka yote minne.

Nimeamua kuandika haya kwa sababu mtoto wa kaka yangu amemaliza sekondari na anataka kusoma fani hii. Kwa miezi mitatu sasa tumekuwa tukipitia vyuo pamoja, yeye akisoma vipeperushi, mimi nikisoma mitaala. Nimesoma vyuo viwili, nimefanya kazi ya visima na miamba kwa miaka 17, na nimekaa upande wa wanaosaili wahitimu mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Shahada ni huduma ambayo mtu huilipia kwa ada kubwa na miaka minne ya ujana wake, na aghalabu huilipia kabla hajaiona. Vyuo vyangu viwili sitavitaja kwa majina. Vingine nitavitaja kwa yale yanayojulikana wazi.

Chuo changu cha kwanza kilikuwa na walimu wazuri wa hisabati na wa thamodinamiki, na hilo nalisema kwa shukrani, maana liliniokoa baadaye. Udhaifu wake ulikuwa maabara. Jaribio lilifanywa na fundi mmoja mbele ya wanafunzi zaidi ya sabini. Waliokaa mbele waliona kitu, waliokaa nyuma waliona migongo ya wenzao. Baada ya hapo tuligawiwa karatasi yenye vipimo vilivyochapwa miaka ya nyuma, tukaambiwa tuandike ripoti. Vipimo vile vilikuwa safi mno. Kila nukta ilikaa juu ya mstari. Ripoti sabini zilitoa jibu moja, na hakuna hata mmoja wetu aliyejifunza kwamba mwamba huwa unabisha.

Sheria ya Darcy yenyewe ilizaliwa ndani ya bomba lililojazwa mchanga. Henry Darcy alikuwa mhandisi wa maji kule Dijon, Ufaransa. Alipitisha maji kwenye mchanga, akapima, akarudia, akachapisha matokeo yake mwaka 1856. Fani nzima ya kukadiria mafuta yatatokaje ardhini imejengwa juu ya bomba lile. Kumfundisha mtu mlinganyo huo bila kumpa mchanga na maji ni kumnyima nusu ya somo, na mimi nusu hiyo niliikosa.

Chuo cha pili, nilikokwenda kwa shahada ya uzamili, hakikuwa na jina kubwa. Wiki ya tatu tuligawanywa watatu watatu. Kila kundi lilipewa kipande cha mwamba wa mchanga chenye umbo la silinda, kipenyo chake inchi moja na nusu, kizito kuliko kinavyoonekana. Tulianza kwa kupima nafasi ya vinyweleo vyake kwa gesi ya heliamu. Kisha tukapima upenyekaji, yaani uwezo wa mwamba kupitisha kitu kinachotiririka, kwanza kwa naitrojeni, halafu kwa maji ya chumvi.

Naitrojeni ilitupa namba kubwa kuliko maji. Mwamba ni uleule, majibu mawili. Mimi nilitaka kurudia jaribio nikidhani kuna uvujaji, na mwalimu akatuacha tubishane kwa saa nzima kabla ya kutuambia tukasome kazi ya Klinkenberg ya mwaka 1941. Gesi huteleza kwenye kuta za vinyweleo vyembamba, hasa presha ikiwa ndogo, kwa hiyo huonyesha mwamba unapitisha zaidi kuliko unavyopitisha kimiminika. Nilikuwa nimelisoma jambo hilo chuo cha kwanza na kulijibu kwenye mtihani. Nilipolikuta mezani sikulitambua.

Siku ya pili maji yetu ya chumvi yalipungua, na mmoja wetu akaongeza maji ya bomba. Upenyekaji ukaanza kushuka. Saa ya kwanza ulishuka kidogo, saa ya pili zaidi, na kufikia jioni mwamba ulikuwa karibu haupitishi kitu. Mwalimu alituona tangu mwanzo na hakutuzuia. Ndani ya ule mwamba kulikuwa na udongo wa mfinyanzi ambao unapokutana na maji yasiyo na chumvi huvimba, na chembe zake nyingine hubanduka na kuziba njia. Tukarudisha maji ya chumvi tukitumaini utafunguka. Haukufunguka. Tuliandika ripoti yenye grafu ya mwamba uliokufa mikononi mwetu, na ile ndiyo ripoti iliyopata alama ya juu kuliko zote nilizoandika pale.

Miaka sita baadaye, kwenye kikao cha kazi, mtu alipendekeza tusafishe kisima kwa maji matamu kwa kuwa yalikuwa karibu na yalikuwa rahisi. Nilikataa, nikaonyesha uchambuzi wa udongo uliokuwa kwenye mwamba ule, nikashikilia mpaka pendekezo likabadilishwa. Kisimani hakuna kipande kingine cha kuanza nacho upya. Sidhani ningekuwa na ujasiri ule kama ningekuwa nimelisoma jambo hilo kitabuni tu.

Kuna somo jingine la chuo kile ambalo ningelilipia peke yake. Mwalimu wa udhibiti wa visima aliingia darasani bila slaidi. Alichora kisima ubaoni, akachora njia mbili zinazotoka juu kwenda chini: ya ndani ya bomba la kuchorongea, na ile ya pembeni inayotumika kuua kisima, yaani kukituliza kikianza kusukuma. Chini kabisa njia hizo zinakutana. Juu ya bomba aliandika presha: paundi 1,400 kwa inchi ya mraba. Juu ya njia ya pembeni aliandika sifuri, hakuna kinachotiririka. Akauliza, "Saruji tuliyoweka chini ya kisima imeziba au haijaziba? Tunaendelea au tunasimama?"

Tulipiga kura kwa mikono. Wengi wetu tulisema tuendelee, nami nikiwemo. Mwenzetu mmoja alitoa maelezo mazuri sana ya jinsi uzito wa matope ya juu unavyoweza kusukuma na kuleta presha ile kwenye bomba hata kama kisima kimeziba. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaandika chini ya mchoro: Macondo, 20 Aprili 2010, watu 11. Maelezo kama yale ndiyo yaliyotolewa kwenye rigi ya Deepwater Horizon jioni ile, katika Ghuba ya Meksiko, kabla kisima cha Macondo hakijalipuka na kuua watu hao 11. Njia mbili zilizounganika chini zilipaswa kusoma sawa. Zikisoma tofauti kuna kitu hakiko tulivyodhani, na kazi inasimama mpaka kijulikane. Darasa lilikaa kimya. Nimewahi kusimamisha kazi mara mbili tangu siku hiyo kwa sababu ya vipimo visivyokubaliana, na mara zote mbili niliuona ule ubao mbele yangu.

Kwa hiyo mtoto wa kaka yangu aliponiuliza, "Shangazi, chuo kizuri ni kipi?" nilimwambia aombe kuona ripoti ya maabara ya mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Awe mwanafunzi wa kawaida, asiwe yule bora anayetolewa kwa wageni. Kisha atafute ndani yake matokeo yaliyokwenda kombo na aone mwanafunzi ameandika nini kuyahusu. Ripoti kumi zenye namba zilezile zinaonyesha kwamba vipimo viligawiwa. Ripoti inayosema "tulipata hivi, tulitarajia vile, tunadhani sababu ni hii" imetoka mahali ambapo watu wanashika vitu. Hata kwenye usaili ndilo swali langu la kwanza: nieleze jaribio lililokushinda. Mhitimu wa maabara halisi huongea mpaka unamkatisha.

Orodha za ubora wa vyuo tumezitazama, na nadhani zina kazi yake, ila ndogo. QS, kampuni inayopanga vyuo vya dunia kwa ubora, hutoa orodha ya pekee ya uhandisi wa petroli, na sehemu kubwa ya alama zake hutokana na sifa ya chuo kwa wanataaluma na waajiri, pamoja na jinsi tafiti zake zinavyonukuliwa. Hayo yanamsaidia sana anayekwenda kufanya uzamivu. Kwa kijana wa miaka 18 hayasemi kama mashine ya kupima upenyekaji inafanya kazi au ni wanafunzi wangapi kwa mashine moja. Chuo changu cha pili hakikuwa popote karibu na kilele cha orodha ile.

Ithibati ni jambo tofauti, na hapo sitaki mchezo. Watu wengi hawajui kwamba ABET, chombo cha ithibati cha Marekani, huithibitisha programu, haikithibitishi chuo kizima. Chuo kinaweza kuwa na uhandisi wa mitambo wenye ithibati na uhandisi wa petroli usio nayo, na kipeperushi kikaandika tu "chuo chenye ithibati" pasipo kusema uwongo. Tafuta jina kamili la shahada unayoiombea kwenye orodha ya chombo chenyewe. Kwa nchi nyingine uliza kama chombo cha nchi hiyo kimo kwenye Makubaliano ya Washington ya mwaka 1989, ambayo wanachama wake hutambuliana shahada za uhandisi. Yalianza na nchi sita, zikiwemo Uingereza, Kanada na Australia. Afrika Kusini ikaingia mwaka 1999 na Malaysia mwaka 2009. Hili litakugusa siku utakapotaka kusajiliwa kama mhandisi katika nchi nyingine, na siku hiyo haliwezi kurekebishwa. Nimeona mwenzangu wa kazi, mtu hodari kabisa, akirudia masomo akiwa na umri wa miaka 34.

Sasa vyuo vyenyewe. Siku zote nimekuwa na upendo wa pekee kwa kazi iliyofanyika University of Tulsa. Huko watafiti Beggs na Brill walipitisha maji na hewa kwa pamoja kwenye mabomba yanayopitisha mwanga yenye urefu wa futi 90, wakiyainamisha kwa pembe mbalimbali, wakatazama kwa macho yao jinsi viputo vinavyokusanyika na kutengana. Mwaka 1973 walichapisha mlinganyo ambao mpaka leo umo ndani ya programu tunazokokotolea presha kisimani. Nimeutumia mamia ya mara. Louisiana State University ina visima vya ukubwa halisi kwa ajili ya mafunzo na utafiti wa udhibiti wa visima, na kwa mtu anayetaka uchorongaji hicho ni kitu adimu. Stavanger, Norwe, ipo rigi ya majaribio iitwayo Ullrigg, nayo ina visima halisi. University of Texas at Austin ina historia ndefu ya kutafiti kemikali na polima za kusukuma mafuta yaliyobaki mwambani. Stanford imekuwa ikiandaa warsha ya jotoardhi tangu mwaka 1975. Pia ukaribu na kazi una thamani yake: chuo cha KFUPM kiko Dhahran, Saudi Arabia, mji uleule wenye makao makuu ya Saudi Aramco, na Universiti Teknologi PETRONAS ya Malaysia ilianzishwa mwaka 1997 na kampuni ya mafuta yenyewe.

Lakini hapa nilimwonya binti yetu, na nawaonya wengine. Maabara ya utafiti si lazima iwe maabara ya mwanafunzi wa shahada ya kwanza. Chuo kinaweza kuwa na mtambo unaotajwa dunia nzima na wanafunzi wa mwaka wa pili wakauona kupitia dirishani. Swali la kuuliza ni hili: mwaka jana, mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliingia humu saa ngapi kwa wiki, na aligusa nini? Wakikujibu kwa majina ya mashine, uliza tena.

Kuhusu programu za kompyuta sina mengi. Vyuo vingi siku hizi vina Eclipse, Petrel au CMG, za kuiga miamba na mtiririko wa mafuta, kwa leseni za kielimu. Tofauti huwa kwenye idadi ya leseni, na kwenye takwimu wanazopewa wanafunzi kuzitumia. Mwaka 2018 kampuni ya Equinor ilifungua kwa umma takwimu za kitalu cha Volve cha Bahari ya Kaskazini, kilichozalisha mafuta kuanzia 2008 hadi 2016. Ni maelfu ya mafaili: vipimo vya visima, ripoti za kila siku za uchorongaji, uzalishaji, mitetemo ya ardhi. Yana mapengo, yana makosa ya kuandika, yana siku ambazo kipimo kiliharibika. Yaani yanafanana na kazi. Chuo ambacho mradi wa mwaka wa mwisho bado unafanywa kwa kitalu cha kubuni chenye umbo la sanduku, wakati hazina kama ile iko wazi bure, kinapaswa kukueleza sababu. Nami nimemwambia binti asisubiri chuo: programu ya OPM Flow ya kuiga mtiririko nayo ni ya bure, na ameshaanza kuichezea.

Jambo ambalo lilituchukua jioni nyingi zaidi ni bei ya mafuta. Katikati ya mwaka 2014 pipa liliuzwa zaidi ya dola 100. Mwanzoni mwa 2016 lilikuwa chini ya dola 30. Mwaka ule nilipoteza kazi, mimi na karibu nusu ya watu wa ghorofa yetu, kwa barua iliyofika asubuhi na kutaka tuwe tumetoka kabla ya saa nane mchana. Kampuni siitaji. Nililia kwenye gari, kisha nikakaa miezi tisa bila kazi. Mwezi wa Aprili 2020 ukaja ule mshangao wa pili: tarehe 20, mikataba ya mafuta ya Marekani ya mwezi uliofuata ilifunga kwa dola 37.63 chini ya sifuri. Anayeanza shahada hii leo ajue kwamba katika miaka arobaini ya kazi atapitia anguko kama hili zaidi ya mara moja. Lilitokea 1986 pia.

Kilichonirudisha kazini ni wale walimu wa thamodinamiki wa chuo cha kwanza. Nilipata kazi kwenye kundi linalotafiti kuhifadhi hewa ukaa ardhini. Kazi hiyo ni ileile yetu ikiwa imegeuzwa: mwamba wenye vinyweleo, presha, kifuniko kisichopitisha, ila unaingiza badala ya kutoa. Sleipner, kitalu cha gesi kwenye Bahari ya Kaskazini, wamekuwa wakifanya hivyo tangu 1996, kwa miaka mingi karibu tani milioni moja kwa mwaka. Jotoardhi nayo inahitaji watu wanaojua kuchoronga, kupima kisima na kufuata joto linavyosafiri na maji. Wenzangu waliosoma programu finyu, iliyojaa kozi za mafuta tangu mwaka wa kwanza na misingi michache, walihangaika zaidi yangu. Kwa hiyo nikifungua mtaala huwa nahesabu: mekanika ya vimiminika, uhamishaji joto, thamodinamiki, nguvu za maada, takwimu na uprogramu. Kozi hizi zikiwa zinafundishwa pamoja na wanafunzi wa mitambo na wa kemia, napumua. Zikiwa zimefupishwa kuwa "misingi ya uhandisi kwa wanafunzi wa petroli", nageuza ukurasa.

Vyuo vyenyewe vinajua upepo umegeuka. Stanford ilibadilisha jina la idara yake ya petroli kuwa ya rasilimali za nishati mwaka 2006, na baadaye ikalibadilisha tena. University of Calgary, katikati ya Kanada ya mafuta, ilisimamisha udahili wa shahada yake ya kwanza ya mafuta na gesi mwaka 2021. Bodi ya Texas A&M iliamua Februari 2024 kufunga kampasi yake ya Qatar ifikapo 2028, na petroli ilikuwa mojawapo ya shahada za pale. Hakuna aibu katika kumuuliza mkuu wa idara: mtadahili mwaka kesho kutwa? Walimu wangapi wamestaafu na hawajajazwa? Mimi niliuliza hivyo kwa barua pepe, idara tano. Mbili zilijibu kwa ukamilifu, ya tatu ikanipa hata idadi ya wanafunzi wa kila mwaka. Moja ilinitumia kipeperushi. Moja haijajibu.

Na kama chuo pekee cha petroli unachoweza kukifikia hakina maabara? Kaka yangu hakulipenda jibu langu, lakini bado nalisimamia. Soma uhandisi wa mitambo au wa kemia mahali penye karakana na maabara zinazofanya kazi, kisha fanya petroli kwenye uzamili. Nimefanya kazi na watu wengi wa njia hiyo. Wanachelewa kidogo kuelewa jiolojia, kwa mwaka hivi, halafu wanakwenda sambamba na wengine wote. Aliyekosa misingi na akakosa mikono ana safari ndefu zaidi.

Tathmini yangu ya vyuo vyangu basi. Cha kwanza nisingempeleka mtoto wetu, isipokuwa kama kabati lile limefunguliwa. Kwa hesabu na thamodinamiki nakipa heshima yote. Cha pili ningempeleka kesho, ila nina manung'uniko mawili: mafunzo ya vitendo uwandani yalikuwa wiki mbili tu, na jiolojia tulifundishwa kwa picha wakati miamba mizuri iliyojitokeza juu ya ardhi ilikuwa mwendo wa saa moja kwa basi. Tawi la wanafunzi la SPE, chama cha wahandisi wa petroli, lilikuwa hai, na kwa uanachama wa wanafunzi na maktaba ya chuo nilisoma makala za OnePetro, maktaba ya mtandaoni ya fani yetu, nyingi kuliko nilivyosoma vitabu. Hilo naliona kama sehemu ya ada iliyorudi.

Binti yetu alitembelea vyuo viwili. Nilimwambia asiende siku ya maonyesho, aende siku ya kawaida yenye kipindi cha maabara. Chuo cha kwanza, chenye jina kubwa, kilimtembeza kwa adabu kwenye jengo jipya na kumwambia maabara ya miamba iko kwenye matengenezo. Alipouliza tangu lini, aliyemtembeza hakujua. Cha pili alikuta wanafunzi wanne wamevaa miwani ya kinga wakibishana kuhusu grafu. Fundi wa maabara, mama wa makamo, alimpa kipande cha mwamba akishike na kumuuliza, "Unadhani kina nafasi ndani au hakina?" Akajibu hakina, kwa kuwa ni kizito. Yule mama akadondoshea tone la maji juu yake, na tone likapotea ndani wakilitazama. Alinipigia simu akiwa bado pale getini.

Amechagua hicho cha pili. Kina ithibati ya programu, tumeiona kwenye orodha kwa macho yetu. Darasa lake ni dogo, misingi inafundishwa pamoja na watu wa mitambo, na ripoti ya mwaka wa tatu aliyoonyeshwa ilikuwa na ukurasa mzima wa jaribio lililoharibika. Kaka bado anaumia kidogo kwa lile jina kubwa, nami namwelewa, kwani yeye ndiye mlipaji. Maabara ya matope inaanza muhula wa pili. Nimemwambia siku atakapopima maji safi kwenye faneli, anitumie sekunde alizopata kabla hajamuuliza mtu mwingine yeyote.